Programu ya ankara mtandaoni ni nini?

Ankara ni hati ambayo mtoa huduma au muuzaji humpelekea mteja ili kumweleza alichopewa, kiasi anachodaiwa na siku ya mwisho ya kulipa. Hati hii si nukuu ya bei, ambayo hutangulia kazi, wala si risiti, ambayo hutolewa fedha zikishapokelewa. Programu ya ankara mtandaoni, basi, ni huduma itumiwayo kupitia kivinjari au simu, ambamo mtu aliyejiajiri au mwenye biashara ndogo huandaa hati hiyo, huituma, kisha hufuatilia malipo yake hadi deni liishe.

Uzito wa maelezo hayo uko katika ufuatiliaji. Kuandaa ankara yenye nembo na jedwali nadhifu kunawezekana hata kwa programu ya kawaida ya kuchapia maandishi, na wengi huanzia hapo: hufungua ankara ya zamani, hubadilisha jina na kiasi, kisha huihifadhi upya. Mike McDerment, aliyekuwa na kampuni ndogo ya usanifu huko Toronto, alifanya hivyo mpaka mwaka 2003, alipohifadhi ankara mpya juu ya ile ya zamani na kuipoteza. Mkasa huo ndio uliomsukuma kutengeneza programu ambayo baadaye iliitwa FreshBooks.

Ndani ya programu ya namna hiyo, kila ankara ni kumbukumbu yenye hali yake: rasimu, imetumwa, imefunguliwa, imelipwa kwa sehemu, imelipwa yote, au imepita tarehe. Tuseme mfasiri ametuma ankara namba 0047 na kumpa mteja siku 30. Mteja hupata barua pepe yenye kiungo, na akikibofya huiona ankara pamoja na kitufe cha kulipia kwa kadi au kwa njia nyingine iliyounganishwa, kama vile PayPal. Akilipa nusu, malipo hayo huandikwa chini ya ankara ileile na salio huonekana. Muda ukipita, programu humpelekea ukumbusho kwa maneno ambayo mfasiri aliyaandika mapema, moyo ukiwa umetulia. Kwa maoni yangu, hii ndiyo faida kubwa kuliko zote, kwa sababu anayefanya kazi peke yake mara nyingi huona haya kumdai mtu anayetarajia kupata kwake kazi nyingine, na haya hiyo humchelewesha kudai haki yake.

Jambo jingine ni namba. Katika nchi nyingi sheria za kodi hutaka namba za ankara zifuatane bila kurudiwa, na ndiyo sababu programu iliyotengenezwa vizuri hutoa namba yenyewe na haipendi ankara iliyokwisha kutumwa ifutwe kimyakimya. Kosa husahihishwa kwa hati nyingine inayoitaja ile ya kwanza na kupunguza kiasi chake. Anayeanza huona huo ni usumbufu, lakini ndio unaomlinda siku hesabu zake zinapokaguliwa.

Inafaa pia kutofautisha ankara iliyotumwa kwa barua pepe na ankara ya kielektroniki kwa maana ya kisheria. Faili la PDF husomwa na binadamu, ilhali ankara ya kielektroniki hupangwa kwa muundo wa data ambao kompyuta ya mpokeaji huusoma moja kwa moja. Nchini Italia, kwa mfano, tangu Januari 2019 biashara nyingi zinatakiwa kutoa ankara zao kwa muundo wa data uitwao XML na kuzipitisha katika mfumo wa serikali, kwa hiyo PDF pekee haitoshi hata iwe nadhifu namna gani. Ndiyo maana swali la kwanza kabla ya kujisajili popote ni kama programu hiyo inatimiza matakwa ya kodi ya mahali biashara ilipo.

Swali la pili ni kama data zinaweza kupakuliwa zote kwa pamoja. Ankara hutakiwa kuhifadhiwa kwa miaka kadhaa, na huduma ya mtandaoni inaweza kupandisha bei au kufungwa kabla ya miaka hiyo kwisha. Ziko programu, Invoice Ninja ikiwa mojawapo, ambazo mtumiaji mwenye ujuzi anaweza kuzisimika katika seva yake mwenyewe, yaani kompyuta inayoendesha huduma za mtandaoni, ili data zikae mikononi mwake. Asiye na ujuzi huo apakue nakala za ankara zake kila mwezi na kuzihifadhi mahali pengine.