Fizi Zinazotoka Damu na Hatari Yake kwa Vali za Moyo

Watu wengi wakiona damu kwenye mswaki hubadilisha mswaki au dawa ya meno, wakaona jambo limekwisha. Mara nyingi damu hiyo huonyesha kwamba fizi zimevimba kwa sababu ya ukoga, yaani utando wa bakteria ambao, usiposafishwa, hukakamaa na kuwa ugaga usioweza tena kuondolewa kwa mswaki. Mtu mwenye fizi za namna hiyo anapotafuna, anapopiga mswaki au anapong'olewa jino, bakteria hupenya na kuingia katika damu.

Kwa kawaida kinga ya mwili huwamaliza upesi. Hali huwa nyingine kwa mtu aliyewekewa vali ya bandia (vali ni mlango wa moyo unaoifanya damu iende upande mmoja), au ambaye vali zake ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa ambao hapa Afrika Mashariki bado huanzia kwenye maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Bakteria wa jamii ya streptokoka, ambao ni wakazi wa kawaida wa kinywa, hunata kwenye vali yenye kovu, hujifunika kwa bonge la damu na kuitafuna vali taratibu; bonge likimeguka na kufika kwenye ubongo, huleta kiharusi.

Mgonjwa mwenye maambukizi haya ya vali huwa na homa ya wiki kadhaa, jasho la usiku na kupungua uzito, dalili ambazo ni rahisi kudhaniwa kuwa za malaria au kifua kikuu. Linalotusikitisha zaidi ni mgonjwa kufika hospitalini akiwa amekwisha kumeza antibayotiki za dukani, kwa kuwa damu yake ikioteshwa maabara bakteria huenda wasionekane. Matibabu huchukua wiki 4 hadi 6 za dawa ya mshipa, na wengine huhitaji upasuaji.

Ili kuzuia maambukizi hayo, walio katika hatari kubwa hupewa antibayotiki ya amoksilini kabla ya kung'olewa jino, kwa watu wazima gramu 2. Hata hivyo, mwaka 2007 wataalamu wa moyo wa Marekani walipunguza idadi ya wanaostahili kinga hiyo, kwa hoja kwamba kutafuna na kupiga mswaki kila siku huingiza bakteria wengi kwenye damu kuliko ziara moja kwa daktari wa meno. Kwa hiyo mwenye tatizo la vali asafishwe ugaga mara kwa mara, na kabla ya kuchomwa sindano ya ganzi amweleze daktari wa meno habari za moyo wake, hata kama hakuulizwa.