Ukaazi wa mchoraji wa mandhari ugenini ni nini?

Mchoraji akikwambia yuko ukaazini, ana maana kwamba taasisi fulani imempa mahali pa kulala na chumba cha kufanyia kazi, mbali na kwake, kwa muda uliowekwa: wiki mbili, miezi mitatu, pengine mwaka. Wapo wanaosema rezidensi. Programu nyingine humlipia nauli na kumpa posho, nyingine humtoza yeye ada, kwa hiyo neno lenyewe halikuambii kama msanii kafadhiliwa au kajilipia. Kinachopatikana katika zote ni muda, na kwa mchora mandhari muda ndio mtaji.

Mandhari, kwa wachoraji, ni picha ambayo habari yake ni ardhi, maji, miti na anga. Mtu akiwemo, huwa mdogo, mpita njia tu. Leo tunaona ni jambo la kawaida, lakini haikuwa hivyo zamani. Ufaransa ilianzisha tuzo ya Prix de Rome mwaka 1663, na mwaka 1666 ikafungua chuo mjini Roma ambako washindi walikaa miaka kadhaa wakijifunza kwa gharama ya serikali. Mpango huo tunaweza kuuita babu wa ukaazi wa sasa. Wachora mandhari walingoja hadi 1817 ndipo wakawekewa tuzo yao, na mshindi wa kwanza akawa Achille Etna Michallon. Hata hapo picha ilitakiwa ibebe kisa cha kale. Mti mtupu haukutosha.

Kabla ya hapo, mchoraji Mfaransa Pierre-Henri de Valenciennes alikuwa amekaa Roma akichora mawingu na mapaa ya nyumba kwenye vipande vya karatasi. Mwaka 1800 alitoa ushauri ambao bado naona ndio bora kuliko wote: mchoro wa nje usizidi saa mbili, na ukichora macheo au machweo, usizidi nusu saa. Sababu yake ni nyepesi. Jua halikungoji. Ukikaa saa nne, kivuli cha kushoto kitakuwa cha saa tatu asubuhi na cha kulia cha saa saba mchana, na picha itakuwa na majua mawili. Afadhali urudi kesho saa ile ile.

Neno "kesho" ndilo linalomtenga mkaazi na mtalii. Mtalii hupiga picha na kuondoka, ilhali mkaazi hurudi kwenye jiwe lile lile mara kumi. Mwaka 1895 mchoraji Mfaransa Claude Monet alikwenda Norwe wakati wa baridi, akauchora mlima wa Kolsaas zaidi ya mara kumi, kila mara theluji ikiwa na rangi nyingine. (Hakualikwa na taasisi yoyote, kwa hiyo huo si ukaazi kwa maana kamili, ila mwendo wake ni ule ule.) Miaka kumi na moja nyuma alikwenda Bordighera, Italia, akipanga kukaa wiki tatu, akaishia kukaa karibu miezi mitatu. Mwanga wa kule na mitende yake vilimsumbua.

Kwa nini ugeni umsumbue fundi kama huyo? Kwa sababu mkono una mazoea. Mchoraji aliyezoea mahali pamoja ana kijani chake anachokichanganya bila kufikiri, na buluu yake ya milima ya mbali. Milima hiyo huonekana buluu kwa kuwa hewa iliyo kati yako nayo hutawanya zaidi mwanga wa buluu. Pakiwa na unyevu au vumbi jingi, umbali huo huo hugeuka mweupe au wa kijivu. Karibu na ikweta jua huzama karibu wima na giza huingia upesi. Kaskazini ya mbali, wakati wa kiangazi, jua hukwaruza upeo wa macho kwa saa nyingi, na vivuli hubaki virefu hadi usiku. Kijani cha nyumbani hakifai tena, na wiki ya kwanza mara nyingi huishia kwenye karatasi za kutupa. Hakuna hasara hapo. Jicho linajifunza upya.

Halafu kuna maneno "kuvutiwa na asili", ambayo hutumiwa ovyo. Hayana maana ya kunakili. Mmoja atasimama shambani na rangi zake, jambo lililokuwa gumu kabla John Goffe Rand hajabuni tyubu ya rangi mwaka 1841, maana rangi ilibebwa katika vibofu vya nguruwe. Mwingine atatembea mchana kutwa bila kuchora kitu, kisha usiku apake mistari miwili ya kahawia na mmoja mweupe ambayo hakuna atakayeitambua kama ufuko. Zote ni mandhari. Swali la kumuuliza ni moja: je, picha hii ingeweza kuchorwa na mtu ambaye hakuwahi kufika? Ikiwa ingeweza, basi ukaazi ulikuwa safari tu.

Mwenyeji naye huwa na masharti yake. Mara nyingi mkaazi hutakiwa kufungua chumba chake siku moja ili watu waone kazi, au kuzungumza na wanafunzi. Hifadhi nyingi za taifa za Marekani hupokea wachoraji kwa namna hii, na baadhi huomba kuachiwa kazi moja.

Mwisho kuna kazi ya kufungasha, ambayo wageni wa mambo haya huisahau. Rangi ya mafuta huchukua siku kadhaa hadi wiki kukauka juujuu, na ile nene huchukua muda mrefu zaidi. Tapentaini hairuhusiwi kwenye ndege kwa kuwa hushika moto. Ndiyo maana wengi huenda na rangi za maji au akriliki, ambazo hukauka upesi, au huacha kutumia mafuta wiki mbili kabla ya kuondoka. Wengine huzipanga picha mbichi uso kwa uso, vipande vya kizibo cha chupa vikiwa kwenye pembe ili zisigusane.