Msimamizi wa harusi haolewi: maana ya mbunge "kusimamia Serikali"

Kila masika yanapokaribia na mitaro ya Dar es Salaam ikaanza kuzibuliwa, picha huwa ni ile ile. Mheshimiwa mbunge kavaa kofia ngumu na buti za mpira, kidole kimenyooka kuelekea kwenye kalavati, na chini yake pameandikwa: "Mbunge akisimamia ujenzi wa mtaro." Wiki mbili baadaye walewale walioisambaza picha wanalalamika kwamba Bunge haliisimamii Serikali. Kitenzi kimoja, kazi mbili zisizokaa nyumba moja, na kwa sababu zinachanganywa, ya pili inaweza isifanyike mwaka mzima na asiwepo wa kuuliza.

Maana yenyewe ni fupi. Ibara ya 63(2) ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inalipa Bunge madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kusimamia na kuishauri Serikali ya Jamhuri ya Muungano na vyombo vyake vyote. Kusimamia hapo ni kuiuliza Serikali imefanya nini na fedha na mamlaka iliyokabidhiwa, kudai majibu yenye ushahidi, na kuchukua hatua majibu yasipojitosheleza. Ibara ya 63(3) inataja nyenzo zake: maswali kwa mawaziri, mjadala wa utekelezaji wa kila wizara wakati wa bajeti, kuidhinisha mipango, kutunga sheria, kuridhia mikataba. Kofia ngumu haimo.

Chanzo cha mkanganyiko ni neno lenyewe. *Simama* na *simika* ni ndugu wa shina moja, sim-. Kiambishi -am- hueleza hali ambayo kitu kimo, kama katika *angama*; -ik- hueleza kukitia katika hali hiyo, kama katika *angika*. Aliyesimama yuko wima mwenyewe, aliyesimikwa amewekwa na wenzake. Ukipachika -i- ya kutendea unapata *simamia*: kusimama kwa ajili ya kitu, au juu yake, au kando yake. Na hapa ndipo penye ujanja, kwa maana kiambishi hicho hakisemi umbali. Kuku akilalia mayai, kayagusa. Mtoto akililia embe lililo juu ya mti, halijamfikia na pengine halitamfikia. Kauli ni ile ile ya kutendea, mkono uko mahali tofauti.

Ndiyo maana Kiswahili kina wasimamizi wa aina mbili na hakijawahi kuona haja ya kuwatenganisha. Msimamizi wa mirathi hushika mali ya marehemu, hulipa madeni, hugawa, kisha hupeleka hesabu mahakamani. Msimamizi wa uchaguzi huuendesha uchaguzi wenyewe na kutangaza matokeo. Hao wana mikono ndani ya kazi. Msimamizi wa mtihani hutembea kati ya madawati na macho yake, na siku akimwandikia mtahiniwa jibu moja, yeye ndiye atakayeandikiwa barua. Msimamizi wa harusi hukaa ubavuni mwa bwana au bibi harusi siku nzima, hushika maua, hupangusa jasho, lakini haoi wala haolewi. Hao kazi yao inaharibika mara tu wanapoifanya kazi ya wanayemsimamia.

Mbunge wa Ibara ya 63 ni wa kundi la pili. Bahati mbaya, vyuo na maofisi vimelijaza neno maana ya kundi la kwanza: usimamizi wa biashara, usimamizi wa rasilimali watu, usimamizi wa miradi, ambako usimamizi ni uendeshaji mtupu. Mtu aliyezoea neno hilo kazini Jumatatu hadi Ijumaa hawezi kulaumiwa akilisikia vivyo hivyo kwenye Katiba.

Wapo wanaopendekeza tulitupe tuseme "uangalizi". Hapana. Uangalizi wameshauchukua waangalizi wa uchaguzi, ambao hutazama, huandika ripoti na kupanda ndege. Ukaguzi ni wa CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Udhibiti ni wa mamlaka kama EWURA ya nishati na maji na LATRA ya usafiri wa ardhini. Libaki kusimamia, ila utazame kinachofuata baada ya kitenzi. Ukisikia mbunge anasimamia Serikali, wizara, wakala au halmashauri, hapo ni msimamizi wa mtihani. Ukisikia anasimamia barabara, zahanati au mtaro, kaingia kwenye mirathi, na mirathi ile ina wenyewe.

Wenyewe ni hawa. Barabara ya mtaani na mtaro wake kwa kawaida ni kazi ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Wakala huingia mkataba na mkandarasi. Mhandisi wa mradi hupima kazi iliyofanyika na kuidhinisha hati ya malipo. Juu yao yuko afisa masuuli, yule anayewajibika kwa jina lake kwa kila shilingi: Katibu Mkuu wizarani, Mkurugenzi kwenye halmashauri. Sasa Mheshimiwa aliye eneo la kazi anamwambia fundi kalavati lisogezwe mita kumi, maana wazee wa mtaa wameomba. Fundi atasogeza; nani amkatalie mbunge? Lakini vipimo vimebadilika, gharama imebadilika, na hakuna barua ya kuidhinisha badiliko. Ukaguzi ukiibua hoja, aliyepaswa kuuliza kwa niaba yetu ni sehemu ya jibu.

Wiki ya kusimamia kwa maana ya Katiba haipigiki picha vizuri. Chukua wiki ya Bunge la Bajeti, linaloanza Aprili na kumalizika mwisho wa Juni. Kikao huanza saa tatu asubuhi kwa maswali, na Alhamisi huwa na maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Mwenye swali la msingi hupewa nafasi ya maswali mawili ya nyongeza, na ni hapo anapojulikana nani kasoma. Ukiuliza "Serikali ina mpango gani wa kujenga barabara yetu," utajibiwa kwamba Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo na itajengwa kadiri fedha zitakavyopatikana. Jibu hilo hujaza Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, na halimfungi mtu. Ukiuliza fungu la barabara hiyo kwenye bajeti liliidhinishiwa kiasi gani, hadi Machi zimetolewa kiasi gani, na mkandarasi ana hati ngapi ambazo hazijalipwa, waziri analazimika kutaja namba, na namba ina mwisho. Tofauti kati ya fedha zilizoidhinishwa na fedha zilizotolewa ndiyo nusu ya kazi nzima ya kusimamia. Tunashangilia ya kwanza Juni na kusahau kuulizia ya pili Januari.

Jioni huja Kamati ya Matumizi, Bunge zima likipitia mafungu ya wizara moja moja, na ule msemo wa "nitashika shilingi". Wengi hudhani ni tambo tu. Ni hoja halisi: mbunge anaomba shilingi moja iondolewe kwenye mshahara wa waziri ili jambo lake lijadiliwe, na wenzake wanaoliafiki humuunga mkono. Kwa kawaida waziri huahidi, shilingi hurudishwa, na muda ukiisha mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa pamoja, kwa kile kinachoitwa gilotini. Kwa hiyo mwenye hoja ya fungu la mwisho mwisho akichelewa kujipanga, fungu lake hupita bila neno.

Kazi nzito zaidi hufanyika kwenye kamati. Kamati ya Hesabu za Serikali (PAC) na ya Hesabu za Serikali za Mitaa (LAAC) huketi na ripoti ya CAG na kuwahoji maafisa masuuli. Ona muda wake: ripoti iliyowasilishwa bungeni Aprili 2025 ilihusu mwaka wa fedha ulioanza Julai 2023. Shilingi iliyopotea siku ya kwanza ya mwaka ule ilifika mezani pa wabunge baada ya miezi 21, wakati mwingine mkurugenzi kashahamishwa na mhasibu kastaafu. Mbunge asiyesoma kati ya ripoti na ripoti hufika akiwa mgeni. Kamati iliyoundwa kwa jambo moja huitwa Kamati Teule, na mfano ambao hausahauliki ni ile ya mkataba wa umeme wa Richmond iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe: taarifa yake ilisomwa Februari 2008 na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Kazi ile ilifanywa kwa mafaili, mikataba na mashahidi. Hakuna aliyevaa buti.

Na kero je? Kushughulikia kero za wananchi ni kazi halali ya mbunge, ila jina lake ni kufuatilia. Kero yenyewe imetokana na *kera*, kuudhi, na kwa kweli shida nyingi zinazofika ofisi ya mbunge ni maudhi ya kiofisi: bili ya maji imepanda ghafla, nguzo ya umeme imelala, fidia ya aliyepisha mradi haijaingia, mtoto kakosa namba ya usajili. Katibu wa mbunge anayejua kazi haanzi kwa kupiga simu. Kwa bili ya maji ataomba namba ya akaunti, bili tatu za mwisho, picha ya dira yenye usomaji wa siku hiyo, na namba ya taarifa ya malalamiko yaliyokwisha kupelekwa DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam. Kisha barua kwa meneja wa mkoa wa kihuduma unaohusika, nakala kwenye jalada, tarehe ya kufuatilia kwenye kalenda. DAWASA ikishindwa kulimaliza, njia inayofuata ni EWURA. Bila namba ya taarifa, barua ya mbunge hurudi na swali: mteja alilalamika lini?

Kuna zisizofuatilika, na heri mwananchi aambiwe mapema. Kesi iliyo mahakamani mbunge haigusi. Dhamana ya polisi hailipiwi wala haiombewi na mbunge saa sita za usiku. Mchango wa harusi, jeneza na ada ya shule ni utu, na mwenye nacho atoe, lakini haviingii kwenye hesabu ya usimamizi wala ya ufuatiliaji, hata kama ndivyo vinavyokula Jumamosi na Jumapili yake yote. Tangu treni ya SGR ifike Dodoma 2024, mbunge wa Dar hana hata kisingizio cha umbali: wenye misiba wanajua Ijumaa jioni yuko njiani.

Kufuatilia na kusimamia hukutana mahali pamoja tu. Bili moja iliyopotoka ni kero. Bili arobaini za kata mbili, zote zikiwa zimepanda mwezi uleule, ni swali la msingi bungeni. Ndiyo sababu ofisi isiyoweka daftari la kero humpeleka mbunge Dodoma mikono mitupu, akaulize "mpango gani".

Sheria nayo haijatusaidia sana kutenganisha. Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ya 2009 imemfanya mbunge mwenyekiti wa kamati inayopanga miradi ya fedha hizo, na kumwingiza katika kupanga matumizi ambayo kwingine angeyahoji. Asasi za kiraia zililipinga jambo hilo tangu mwanzo, na hoja yao bado imesimama. Hata hivyo fedha hupitia halmashauri na taratibu zake za ununuzi. Bati za mfuko wa jimbo ni za umma, na "Mbunge katoa bati" ni kumpa sifa ya kugawa kisichokuwa chake. Mbunge aliye waziri ana shida nyingine kabisa, kwa kuwa yeye bungeni hujibu, haulizi, na watu wa jimbo lake hubaki na kufuatiliwa kero zao tu.

Basi, wewe unayeandika maneno chini ya picha, hakuna ugomvi. Kiswahili chako si kibovu. *Kusimamia mtaro* ni sahihi kabisa, ila anayeusimamia ni yule mhandisi aliyekatwa pembeni ya picha. Kwa Mheshimiwa andika "akikagua," au "akifuatilia" kama kweli amefuatilia. Buti zitaonekana vilevile.