Mavi ya mbwa katika parseli: maswali tunayoulizwa Bukavu

Kwa nini nilipe mtu aokote mavi ya mbwa, na mvua inayaondoa yenyewe?

Mvua haiondoi, inahamisha. Parseli zetu ziko mteremkoni: kinachotoka kwako kinashuka kwa jirani wa chini, kinaingia mferejini, kinafika ziwani. Mayai ya minyoo mengi yanabaki palepale watoto wanapochezea.

Minyoo gani hiyo?

Ni ya aina mbili hasa. Tokosokara, mnyoo wa tumboni mwa mbwa, ambayo mtoto humeza mayai yake pamoja na udongo. Na safura ya mbwa, ambayo viluwiluwi vyake (minyoo michanga) hutoboa ngozi ya mguu usio na kiatu.

Mavi yakishakauka si yamekwisha nguvu?

Hapana. Hapana kabisa. Yai la tokosokara linalotoka kwa mbwa leo halijaiva, haliwezi kuambukiza. Linaiva udongoni, kwa kawaida wiki mbili hadi nne, kisha linakaa hai miezi, hata miaka. Yale makavu yaliyosagika, ambayo mtoto anayakoroga na udongo kwenye kopo akipika ugali wa kuchezea, ndiyo yanayomwingiza minyoo mwilini.

Lakini kijana wetu anangoja yakauke ili yasinate kwenye jembe.

Mwambieni aache, leo. Kungoja yakauke ni kuyapa mayai muda wa kuiva. Anayelipwa kupita mara moja kwa mwezi anaokota maganda tu. Hatari imeshaingia ardhini. Apite angalau mara mbili kwa wiki, maana safura inaweza kuwa tayari kutoboa ngozi ndani ya wiki moja. Kama kuna mtoto anayetambaa, kila siku.

Nitajuaje kama amefanya kazi vizuri?

Hesabu. Mbwa mkubwa hunya kama mara mbili kwa siku, kwa hiyo mbwa wawili ni karibu marundo 28 kwa wiki. Akileta kumi, mengine yako nyuma ya choo au chini ya migomba. Mpe glavu na buti. Achote pamoja na udongo wa juu, asifagie wala asimwage maji: ukimwaga maji unayatawanya mayai kwenye parseli nzima. Na kama anafanyia nyumba nyingi, jembe lake linabeba mayai ya kwa wengine. Lisuguliwe kwa brashi na sabuni, kisha limwagiwe maji yanayochemka. Javeli (dawa ya kung'arisha nguo) haiui mayai hayo, hata ukimaliza chupa.

Ayatupe wapi?

Kwenye choo cha shimo, bila sashe (mfuko wa plastiki). Au kwenye shimo refu lililofunikwa, mita 30 kutoka chanzo cha maji. Si mferejini, si ziwani, na tafadhali, si kwenye mbolea ya lengalenga (mchicha)!

Mbwa wangu ni mnene, ana afya. Ana minyoo kweli?

Anaweza kuwa nayo, na watoto wake karibu wote huzaliwa nayo. Watoto wa mbwa wapewe dawa kuanzia wiki ya pili, warudie kila wiki mbili. Mkubwa kila miezi mitatu.

Mtoto ana mstari mwekundu unaojipinda mguuni, unamwasha usiku.

Ni safura ya mbwa inayotembea chini ya ngozi. Msichanje kwa wembe, msipake petroli; tunapokea vidonda vibaya kuliko mnyoo wenyewe. Kituo cha afya kina dawa ya kumeza.

Tulimpima choo, hakuna minyoo. Basi hana tokosokara?

Kipimo cha choo hakiwezi kuionyesha. Ndani ya mtu haikai tumboni ikataga mayai. Inazunguka kwenye ini, mapafu, hata jicho. Mweleze muuguzi kwamba nyumbani kuna mbwa na kwamba mtoto anakula udongo. Jicho likianza kupinda, mboni ikionekana nyeupe, au mtoto akikosa kuona upande mmoja, msingoje, msitie matone ya sokoni. Mpelekeni kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, maana kovu likishajifunga nyuma ya jicho, dawa hairudishi kilichopotea.