Hakimiliki ya kimila haisubiri hati

"Yule hana hati, anakaa pale kimila tu." Kauli hii inasemwa mno Tanzania, hata na watu wa ofisi za ardhi.

Kwa kifupi, hakimiliki ya kimila ni haki ya raia, familia au jamii kumiliki na kutumia ardhi ya kijiji kwa kufuata mila za mahali pale. Aina ya pili, hakimiliki ya kupewa, hutolewa na Kamishna wa Ardhi kwa niaba ya Rais kwa muda usiozidi miaka 99. Ardhi yenyewe, kwa zote mbili, ni ya umma.

Kinachoudhi ni hiyo "tu". Sheria ya kikoloni iliitambua haki ya kimila tangu 1928, lakini watawala wakaendelea kuichukulia kama ruhusa ya kukaa mpaka wenyewe watakapoihitaji ardhi. Fikra hiyo ilivuka uhuru. Mwaka 1992 ilitungwa sheria ya kufuta haki za kimila katika vijiji vilivyoundwa na Operesheni Vijiji, ile kampeni ya serikali ya miaka ya 1970 ya kuhamishia watu vijijini, bila fidia. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikasema mwaka 1994 kwamba haki hizo ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Kisha kifungu cha 18 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kikatamka wazi kuwa hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na ya kupewa. Hurithiwa, na inaweza kutolewa bila kikomo cha muda, jambo ambalo mwenye hati ya miaka 33 mjini hana. Benki ikiikataa kama dhamana ya mkopo, hayo ni matakwa ya benki.

Hati ya kimila, ile inayosainiwa kijijini na kusajiliwa wilayani, ni ushahidi wa haki. Inasaidia sana pakizuka ugomvi wa mpaka, lakini aliyerithi shamba kihalali alikuwa na haki kabla karatasi haijachapwa. Na "kimila" haina maana ya lolote wanaloamua wazee: kifungu cha 20 kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi.

Hatari yenyewe ya kupoteza ardhi wala haiko kwenye karatasi ya mtu mmoja mmoja. Sheria ya Ardhi, pacha wa hiyo ya vijiji, inapofafanua ardhi ya jumla, yaani ile iliyo chini ya Kamishna wa Ardhi na si chini ya kijiji, inajumuisha humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Malisho yaliyopumzishwa, kwa macho ya mgeni, ni pori tupu. Hapo hati ya shamba lako haisaidii kitu. Kinachohitajika ni mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, malisho yakiwa yametajwa humo.

Kwa hiyo, ndugu, yule jirani usiseme "hana haki". Sema hakimiliki yake ya kimila bado haijasajiliwa.