Mnara wa simu mnaulalamikia, moshi wa plastiki uko dirishani

Tangu mvua za vuli zikatike, barua na simu zinazokuja kitengo chetu cha afya mazingira hapa Tanga zimeongezeka, na nyingi zina neno moja: saratani. Mkazi wa Mabawa anataka mnara wa simu uhamishwe. Wazazi wa Makorora wanauliza kuhusu rangi za pipi. Mwingine anaamini maji ya chupa yaliyoachwa juani ndiyo yaliyomuua shangazi yake. Kila aliyeandika amejibiwa au atajibiwa, na hatuna shaka kwamba wanaotuandikia wanawajali watu wao. Ila zipo hatari ambazo hakuna hata barua moja inayozitaja, nasi tunazikuta kila tunapotoka kwenda kukagua.

Nilikwenda mwenyewe kwa yule mlalamikaji wa mnara. Alinikaribisha barazani, akanionyesha mnara ulipo, mtaa wa nyuma. Tukiwa tunaongea, kijana wa nyumba ile akaja kuwasha jiko la mkaa hatua mbili kutoka tulipokaa. Akachukua mfuko wa plastiki, akausokota kama utambi, akaupiga kiberiti. Matone ya plastiki yanayowaka yakawa yanadondokea mkaa, moshi mweusi ukapanda ukaingia dirishani, kwenye chumba alicholazwa mtoto mchanga. Hakuna aliyegeuza shingo. Mzee aliendelea kunieleza habari za mionzi.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, hupanga vitu katika makundi. Kundi la 1 ni vile ambavyo ushahidi wake umekamilika kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu. Kundi la 2A ni vile ambavyo yaelekea vinasababisha, na 2B ni vile ambavyo huenda vinasababisha lakini ushahidi bado ni mdogo. Mawimbi ya redio, yakiwemo ya simu, yaliwekwa 2B mwaka 2011. Katika kundi hilohilo limo dondoo la jani zima la mshubiri, ambao wengi wenu mnauchemsha na kuunywa kama dawa. Makundi haya yanaeleza uzito wa ushahidi, hayaelezi nguvu ya sumu. Kuwa Kundi la 1 hakumaanishi kwamba ukigusa mara moja umekwisha. Kiasi ulichopata na miaka uliyokaa nacho ndivyo vinavyoamua. Vipimo vya mionzi ya minara ni kazi ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Barua za minara tunazielekeza huko, hatuzitupi.

Sasa turudi kwenye ule moshi. Plastiki ikiungua kwa moto mdogo wa uani, hasa plastiki yenye klorini kama maganda ya nyaya za umeme na mabomba ya PVC, hutoa dayoksini, jamii ya kemikali zenye sumu. Iliyo kali kuliko zote katika jamii hiyo iliwekwa Kundi la 1 mwaka 1997. Vijana wanaokusanya chuma chakavu wakichoma nyaya ili wapate shaba, wanatengeneza mazingira mabaya kabisa, kwa sababu shaba yenyewe huchochea dayoksini kuumbika wakati moshi unapoanza kupoa. Majivu yanabaki ardhini, kuku wa kienyeji wanaparua hapo, na dayoksini inaishia kwenye kiini cha yai. Ikishaingia kwenye mafuta ya mwili wa binadamu, inachukua kati ya miaka 7 na 11 kupungua nusu yake. Kwa hiyo nikisikia mtu akisema "moshi unapita, upepo wa bahari unaondoa kila kitu", nakosa subira. Upepo wa bahari hauondoi kilichoanguka kwenye udongo wa uani kwako.

Kuhusu mifuko yenyewe, wengine wameshasahau kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kwa kanuni hizo, anayekutwa nayo au anayeitumia anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi 30,000 na isiyozidi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Anayeuza, faini ni kuanzia shilingi 100,000 hadi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Adhabu za mtengenezaji ni kubwa zaidi. Kujitetea kwamba "mfuko huu nimeuokota, nawashia moto tu" hakubadilishi kosa, na tafadhali msitutake tuandike vinginevyo. Mkaa unawaka vizuri kwa kifuu, kwa makumbi makavu, hata kwa vijiti vya mnazi. Tanga hii hatujakosa mnazi.

Jambo linalonikosesha usingizi kuliko yote ni sumukuvu. Hii ni sumu inayotolewa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga, hata kwenye mbata isiyokauka sawasawa, na mwambao wetu una joto na unyevu ambao ukungu huo unaupenda. Sumukuvu ipo Kundi la 1, na inaharibu ini. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 20 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu nyingi kwa mara moja. Waliokufa vile walionekana. Wanaokula kidogo kidogo kwa miaka ishirini hawaonekani, mpaka ini liwe limevimba na mgonjwa ameletwa akiwa amechelewa. Kwa mwenye homa ya ini ya virusi B, sumukuvu hiyohiyo inaweza kumwongezea hatari ya saratani ya ini hadi mara 30 kuliko asiye na virusi. Ndiyo maana tunawasisitizia kina mama wasikose chanjo ya pentavalenti ya mtoto, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa kuwa ndani yake mna kinga ya homa hiyo.

Kiwango kinachoruhusiwa katika mahindi kwa nchi za Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo, na ile aina ya B1 isizidi mikrogramu 5. Kiasi hicho hakionekani kwa macho, hakina harufu wala ladha. Na hapa niseme kwa herufi kubwa kama ningeweza: kupika hakuiondoi. Kusonga ugali mpaka uive, kukaanga karanga mpaka ziwe nyeusi, kuanika unga upya, vyote hivyo vinaweza kuua ukungu lakini haviimalizi sumu. Vilevile mahindi yaliyooza si ya kumpa ng'ombe, maana sumu hurudi kwenye maziwa, wala si ya kupikia pombe.

Kinachosaidia ni kukausha juu ya turubai wala si juu ya udongo, kuchambua punje zilizovunjika na zilizobadilika rangi (sumu nyingi hukaa kwenye punje chache), na kukoboa kabla ya kusaga. Mahindi yakihifadhiwa unyevu wake usizidi asilimia 13.5. Huna kipimo? Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia kijiko cha chumvi kavu, tia mahindi mpaka robo ya chupa, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie dakika kumi na tano. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi hayajakauka, yarudishe juani. Nimeifanya hii mbele ya mama mmoja muuza nafaka soko la Mgandini. Mara ya kwanza chumvi iliganda kama umande, akanyamaza, akanikabidhi chupa ya pili ya gunia jingine, nayo ikaganda. Gunia la tatu lilikuwa kavu. Yote matatu alikuwa ameyanunua kwa mtu mmoja.

Gereji nazo. Petroli ina benzeni, iliyo Kundi la 1, na benzeni inahusishwa na saratani ya damu. Fundi anayenawa mikono kwa petroli kila jioni, na kijana wa bodaboda anayenyonya petroli kwa mpira ili ahamishe lita moja, wanaiingiza mwilini kwa ngozi, kwa pumzi na kwa mdomo. Oili chafu pia ina kemikali za jamii ya masizi. Daktari Percivall Pott wa London alieleza mwaka 1775 jinsi wasafisha mabomba ya moshi walivyokuwa wakipata saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani, pale masizi yalipokuwa yanajikusanya kwenye mikunjo ya ngozi. Miaka 250 baadaye, mafundi wetu wanavaa ovaroli iliyolowa oili wiki nzima, na tambara la oili limechomekwa mfuko wa mbele. Sabuni ya unga na maji vinatosha kunawa. Ovaroli ifuliwe, tena peke yake, isichanganywe na nguo za watoto.

Mafuta ya transfoma nayataja kwa ufupi, kwa sababu kila mwaka swali la kuyatumia jikoni au mwilini linarudi. Baadhi ya transfoma za zamani zina kemikali ziitwazo PCB, Kundi la 1 tangu 2013, na mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa kuhusu kemikali sumu zinazodumu muda mrefu, umezitaka nchi ziache kutumia vifaa vyenye PCB ifikapo 2025 na kuziteketeza kwa njia salama ifikapo 2028. Mafuta hayo si ya kukaangia chipsi, si ya kupaka ngozi, si ya kuchua viungo. Hayaharibiki kwa moto wa jikoni, na hiyo ndiyo sifa inayowavutia wakaangaji na ndiyo inayotutisha sisi.

Paa za asbesto bado zipo kwenye kota za zamani mjini hapa. Bati la asbesto likiwa zima na halijaguswa, halina haja ya kukutia hofu leo. Likisagwa, likitobolewa au likisuguliwa kwa brashi ya waya ili kuondoa kuvu, nyuzi zake hupeperuka, na saratani ya utando wa mapafu inaweza kujitokeza miaka 20 hadi 40 baadaye. Nimemkuta fundi anakata bati hilo kwa msumeno, nywele nyeupe kwa vumbi, watoto wanakusanya vipande wachezee. Ikibidi kuezua, bati liloweshwe kwanza, lishushwe zima, mafundi wavae barakoa zinazozuia vumbi laini, kitambaa puani hakitoshi. Mabaki ni taka hatarishi: hayatupwi jaani, hayazikwi uani, na hayasafirishwi bila kibali. Tuandikieni kabla ya kuezua. Mkishaezua, tunakuja kukuta vumbi.

Na uchafuzi si kemikali pekee. Kichocho cha mkojo, kinachopatikana mitoni na madimbwini katika maeneo ya tambarare ya mkoa huu, ni Kundi la 1 kwa saratani ya kibofu. Mtoto wa kiume akikojoa damu msiambiane kwamba anakua. Apelekwe zahanati, dawa ya prazikwanteli ipo.

Moshi wa kuni ni 2A kwa saratani, na kwa magonjwa ya kifua ushahidi wake ni mzito zaidi. Siwezi kumwambia mama wa Tongoni anunue mtungi wa gesi kesho asubuhi. Namwambia atoboe tundu juu ya ukuta wa jiko na kitanda cha mtoto kisikae humo.

Swali tunaloulizwa na wafiwa ni gumu: "Ni nini hasa kilimuua?" Hatuwezi kulijibu kwa mtu mmoja mmoja, na hakuna maabara inayoweza kuichukua saratani ya marehemu ikasema hii ni ya plastiki, hii ni ya mahindi. Tunaweza kusema kuhusu kundi la watu na miaka. Anayewaambia amejua kwa hakika chanzo ni jirani fulani, au kiwanda fulani, au mkono wa mtu, anawadanganya.

Kwa malalamiko, utaratibu ni huu. Anzeni ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji. Mtendaji anayaandika kwenye daftari na kumjulisha afisa afya wa kata. Andikeni siku, saa, mahali penyewe na kinachofanyika. Barua inayosema "tunakufa kwa sumu" bila kutaja mahali haitusaidii. Picha ya simu inafaa. Afisa atakuja kukagua, akiona kero atatoa ilani ya maandishi chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, ikitaja cha kufanya na muda wa kukifanya. Muda ukipita anarudi kukagua tena, na asiyetii anafikishwa mahakamani. Jina la mlalamikaji halitajwi kwenye ilani. Kama ni nafaka, sampuli huchukuliwa mbele ya mwenye mali, hufungwa kwa lakiri, huandikwa tarehe na saini za pande zote mbili, ndipo hupelekwa maabara. Sampuli mnayotuletea wenyewe kwenye kanga tutaipokea, tutaitazama na kuwashauri, lakini haiwezi kusimama mahakamani. Gunia mnalolishuku msilitupe wala msiliuze kabla hatujafika. Lifungeni, liwekeni juu ya ubao pembeni, mbali na maji, watoto na kuku wasilifikie.