Coast Guard ni jeshi jamani, tuelewane

Kazi yangu ni kukaa na vijana wetu walioko Marekani, Wakongo, Wakenya, Watanzania, Warundi, ambao wanamaliza haiskuli na hawajui waelekee wapi, na siku hizi kila nikigeuka ni Coast Guard. Sina ugomvi nayo, kuna vijana wamepita kwangu wako huko na wanaendelea vizuri tu. Ugomvi wangu ni habari za WhatsApp ambazo watu wanakuja nazo, na kuna sentensi moja nimeisikia mpaka naweza kuimalizia kabla mzazi hajafika katikati: "Si afadhali hii, hii si jeshi, ni walinzi wa pwani tu, akichoka anaacha."

Tuanze na hiyo maana ndo inanichosha kuliko zote.

Sheria ya Marekani inasema waziwazi kwamba Coast Guard ni ya kijeshi na ni tawi la majeshi ya nchi wakati wote. Wakati wote, sio mpaka vita ianze. Kinachowachanganya watu ni kwamba haiko chini ya Pentagon, yaani wizara ya ulinzi, tangu 2003 iko chini ya wizara ya usalama wa ndani, ile ile yenye USCIS, ofisi ya karatasi za uhamiaji, na ICE, wale wanaokamata wasio na karatasi, basi mtu anaona hawa ni polisi wa maji. Hapana. Wanakula kiapo, wana vyeo, wanapiga saluti, wanashtakiwa kwa sheria ya kijeshi ile ile ya Army na Marines, na rais akiamua wanahamishiwa chini ya Navy. Mwaka 1944 kule Normandy watu wa Coast Guard walikuwa wanaendesha boti za kushusha askari ufukweni huku wanapigwa risasi. Mwaka 2004 kijana wao mmoja, Nathan Bruckenthal, alikufa kwenye shambulio la boti la kujitoa mhanga karibu na kituo cha mafuta baharini kule Iraq. Na mpaka leo wana meli zao Bahrain, hapo Ghuba, kwa hiyo wewe mwenye shangazi Muscat usishangae mwanao akapelekwa jirani na shangazi akiwa amevaa kombati.

Sasa hiyo ya "akichoka anaacha". Mama mmoja aliniuliza kwa upole kabisa, kwani si atawapa notisi ya wiki mbili kama kule weahausi? Mama yangu, jeshini hakuna notisi. Karatasi ya kuandikishwa inaitwa DD Form 4, na humo ndani imeandikwa kwamba jumla ya deni lako ni miaka 8. Mara nyingi 4 unatumikia kikamilifu na iliyobaki unakuwa kwenye akiba, yaani uko nyumbani lakini jina lako liko kwenye daftari na wanaweza kukuita. Ukiondoka bila ruhusa hilo ni kosa la kijeshi, na ukitolewa kwa karatasi chafu inakufuata kwenye kazi, inakunyima GI Bill, ile pesa ya kulipiwa chuo, na kama uraia wako uliupata kupitia jeshi kabla hujatimiza miaka 5 ya utumishi wenye heshima wanaweza hata kuufuta. Huo uraia nitaurudia chini.

Kuna mlango mmoja wa kutokea na rikruta, yaani yule mwandikishaji wa jeshi, hatakusisitizia, kwa hiyo nasema mimi: mara nyingi unaapa mara mbili. Kiapo cha kwanza unapowekwa kwenye foleni ya kusubiri tarehe ya kwenda depo, cha pili siku yenyewe ya kuondoka. Kabla ya hicho cha pili bado unaweza kusema nimebadili mawazo, hufungwi, hakuna polisi atakayekuja nyumbani, hata kama watakupigia simu kwa sauti nzito. Baada ya cha pili, umeingia.

Halafu kuna jambo ambalo kwa watoto wa wakimbizi naliona zito kuliko risasi zote hizo. Sehemu ya kazi ya Coast Guard ni kukamata watu wanaovuka bahari bila karatasi, Wahaiti, Wacuba, wamejazana kwenye mashua mbovu, na kuwarudisha walikotoka. Ni kazi yenye pande mbili, maana watu hao hao wangeachwa wengi wangezama, na wanaowatoa majini ndio hao hao wanaowarudisha. Mimi simwambii mtu aione vipi. Ila kijana uliyevuka Ziwa Tanganyika usiku mgongoni kwa mama yako, ukaishi kambi ya Nyarugusu miaka yote ile, ujiulize swali hilo sebuleni kwenu kabla ya kusaini, sio ukiwa juu ya meli unamgawia mtoto wa mtu chupa ya maji ukijua kesho anarudishwa. Amri ikitoka hupigi kura. Wapo wanaofikiri wakasema niko tayari, na wapo waliofikiri wakaenda kusomea unesi, na wote nawaheshimu. Nisiyemuelewa ni yule anayeniambia "sijawaza hiyo" wakati begi limeshafungwa.

Basi, hizo habari nyingine za WhatsApp nazipitia haraka.

Kwamba ukiingia unapewa uraia hapo hapo. Hupewi, unaomba. Unajaza fomu ya kuomba uraia, N-400, kama watu wengine, ila hulipi ada na husubiri ile miaka 5 ya kukaa na grini kadi, na unahitaji jeshi likuthibitishie utumishi wako kwenye fomu N-426. Kabla hujawa raia huwezi kuwa ofisa, na kazi zinazotaka kibali cha siri hupati. Na kuingia kwenyewe kunataka uwe raia au uwe na grini kadi mkononi. Mkimbizi ambaye bado yuko na I-94 tu, ile karatasi ya kuingilia nchini, asubiri, asidanganywe na mtu kwamba "watamtengenezea".

Kwamba barua ya Selective Service maana yake umeshaitwa jeshini. Uwiii. Hii imewalaza watu na viatu. Huo ni usajili tu wa majina, ili nchi ikilazimika siku moja kuita watu jeshini ijue wako wapi, wanaume wa miaka 18 mpaka 25 karibu wote wanatakiwa wajisajili, mwenye grini kadi na mkimbizi wakiwemo, na usipojisajili ndo unapata shida ukija kuomba uraia. Haihusiani na kujiunga Coast Guard. Jisajili, endelea na maisha.

Kwamba unachagua kazi na mji. Unaomba. Ukimaliza wiki 8 za ukuruta pale Cape May, New Jersey, wengi wanapelekwa kwanza meli au kituoni wakiwa hawana fani, na hapo ni kukwangua kutu, kupaka rangi, kuosha vyoo, kusaidia jikoni na kusimama lindo saa nane usiku, huku unasubiri zamu yako ya kwenda shule ya fani. Inaweza kuchukua miezi mingi. Kituo kinaweza kuwa Florida na kinaweza kuwa Kodiak, Alaska, na kinaweza kuwa kwenye mto Ohio hapo Louisville ambapo bahari utaiona kwenye tivii. Kama rikruta amekuahidi fani fulani, iwe kwenye mkataba. Isipoandikwa, haipo, hata kama alikuahidi mbele ya baba yako na soda akanywa.

Kwamba kwa sababu ni serikali mshahara haukosi. Kuanzia Desemba 2018 mpaka Januari 2019 serikali ilipofungwa siku 35, Army na Navy walilipwa, Coast Guard hawakulipwa kwa wakati, kwa sababu ile ile niliyosema, wizara yao ni nyingine na bajeti yake ilikuwa imekwama. Walilipwa baadaye, ndio, lakini watu walipanga foleni ya chakula cha msaada wakiwa na yunifomu. Weka akiba ya mwezi mmoja angalau, na usianze kuahidi kujenga nyumba Bukavu kabla hata hujanyolewa.

Kuogelea. Hapa wako wa aina mbili, wasiojua wanaodhani hawawezi kuingia kabisa, na wanaojua wanaodhani Ziwa Tanganyika limewatosha. Kuruta anaruka kutoka jukwaani, anaogelea mita 100, anakaa juu ya maji dakika 5 bila kushika kitu. Asiyeweza anafundishwa huko huko, lakini kufundishwa kuogelea huku unapigiwa kelele na umelala saa chache sio raha. Nenda bwawa la YMCA ya mtaani kwenu miezi mitatu kabla. Huu ndio ushauri wangu wa kila mtu, hata kwa wale wasiokwenda popote.

Na ya mwisho, ambayo mara nyingine inatoka kwa watu wazima wanaotakiwa kujua zaidi: "pumu usitaje, bangi usitaje". Tangu 2022 pale kwenye vipimo wanavuta rekodi zako za hospitali kwa kompyuta, kwa hiyo ile inhela uliyoandikiwa ukiwa na miaka 15 wataiona, na kudanganya kwenye fomu ni kosa lenyewe. Sema ukweli uombe msamaha wa kiafya, kuna wanaopewa. Bangi ni tofauti kidogo kwa mwenye grini kadi. Hata kama jimbo lako linaruhusu, kwa sheria ya shirikisho bado ni kosa, na kukiri kwa maandishi kunaweza kukuharibia mambo ya uhamiaji. Hapo usimuulize rikruta, usiniulize hata mimi, tafuta wakili wa uhamiaji kwanza ndo uguse hizo fomu.

Ukija kwangu njoo na grini kadi, cheti cha shule na kadi ya sosho sekyuriti, na uvilinganishe kabla hujatoka nyumbani. Nusu ya vijana wetu wamezaliwa tarehe 1 Januari kwenye karatasi, na wengine jina la baba limekaa mwanzo hapa na mwisho pale. Kama havifanani anza kurekebisha leo, maana USCIS hawana haraka na mtu, na rikruta hataandika mkataba wenye majina mawili.